Nguo za Mtoto na Vidonge vya Nondo

Kina mama, kabla mtoto mchanga hajavishwa nguo zilizohifadhiwa pamoja na vile vidonge vyeupe vya kufukuzia nondo, twaomba zifuliwe na zianikwe. Bora zaidi vidonge hivyo visitumiwe kabisa. Wako watoto wazaliwao na upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinachokinga chembe nyekundu za damu. Mvuke wa vidonge hivyo waweza kuzivunja chembe hizo, mtoto akawa manjano macho na ngozi. Jeni yake imo katika kromosomu ya X, hivyo mwana wa kiume huirithi kwa mamaye, ambaye aghalabu hana dalili yoyote (na mawifi wasimlaumu). Upungufu huu umeenea panapo malaria, mwambao wetu ukiwamo. Mtoto akigeuka manjano, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Kumwota jua hakutoshi.