Sikukuu na Ifufuliwe kwa Lugha

Wahenga walinena, mwacha mila ni mtumwa. Wahungaria waliohamia Cleveland, Marekani, walisimamisha sanamu ya kiongozi wao, Lajos Kossuth, mwaka 1902. Sikukuu yao ni Machi 15. Siku hiyo mwaka 1848, mjini Pest, shairi la Sándor Petőfi lilipigwa chapa bila ruhusa ya serikali, na watu wakainuka kudai haki zao kwa watawala wa Austria.

Nami, mtunga mashairi, nawaambia wanaotaka kuifufua sikukuu hiyo ugenini: utepe wa rangi tatu kifuani hautoshi. Mjukuu asiyefahamu lugha ya babu yake atalipigia makofi shairi lile, kisha aende zake. Na afundishwe lugha kwanza. Sikukuu iliyozaliwa na shairi itakufa siku shairi lisipofahamika.