Mkemia Aliyekuwa Rais: Je, Sayansi Yatosha Kutawala?

Katika midahalo ya shule zetu hurudiwa mara kwa mara kwamba nchi ikitawaliwa na wanasayansi mambo yake yatanyooka, kwa kuwa mwanasayansi hufuata ushahidi wala hafuati ushabiki. Hoja hii huwapendeza mno wanafunzi wa mikondo ya sayansi, na haikosi kupigiwa makofi. Mimi siikubali. Na tuipime kwa maisha ya mtu mmoja, Ignacy Mościcki, profesa wa kemia aliyekuwa Rais wa Polandi tangu mwaka 1926 hadi 1939.

Kwanza tumpe haki yake. Alizaliwa mwaka 1867, wakati Polandi haikuwamo katika ramani, imegawanywa baina ya Urusi, Prussia na Austria. Alisoma kemia mjini Riga, akajiingiza katika siasa za siri dhidi ya utawala wa Urusi, na mwaka 1892 ikambidi akimbilie London. Miaka mitano baadaye alipata kazi ya msaidizi katika Chuo Kikuu cha Fribourg, Uswisi, na hapo akalikabili swali zito la kemia ya siku zile. Mashamba ya Ulaya yalitegemea nitrati za Chile, na mwaka 1898 mkemia Mwingereza William Crookes alionya kwamba akiba hiyo itakwisha. Na huku hewa tuivutayo ni naitrojeni kwa kadiri ya asilimia 78! Shida ni kwamba atomu mbili za gesi hiyo zimeshikamana kwa nguvu nyingi, hata mmea hauwezi kuzitenganisha. Mościcki aliipitisha hewa katika mwako wa umeme wenye joto la maelfu ya digrii, ambamo naitrojeni huungana na oksijeni. Gesi ikapozwa upesi kabla haijarudi ilivyokuwa, kisha ikafanywa asidi ya nitriki. Kwa kuwa kazi hiyo ilihitaji volti nyingi, alibuni kapasita zake mwenyewe. Kiwanda kikajengwa Chippis. Njia hiyo ilikula umeme mno, ikaja kushindwa na ile ya Haber na Bosch iliyoanza kutumika viwandani mwaka 1913. Lakini katika sayansi kushindwa kwa namna hiyo si aibu.

Mwaka 1912 alikwenda kufundisha Lwów, na mwaka 1922 Polandi huru ilimkabidhi kiwanda cha naitrojeni cha Chorzów, ambacho Wajerumani walikiacha kimesimama na kuondoka na hati zake. Baada ya muda mfupi kilikuwa kinafanya kazi. (Walimu wa uraia watapenda kujua kwamba utwaaji wa kiwanda hicho ulizaa kesi mashuhuri katika Mahakama ya The Hague, na Polandi ilishindwa.)

Mei 1926 Józef Piłsudski alitwaa madaraka kwa nguvu za jeshi. Bunge lilipomchagua awe Rais alikataa, akampendekeza profesa huyu, naye akachaguliwa tarehe 1 Juni. Mwaka 1930 viongozi wa upinzani, akiwamo Wincenty Witos aliyepata kuwa Waziri Mkuu mara tatu, walikamatwa na kufungwa katika ngome ya Brześć. Tarehe 17 Juni 1934, siku mbili baada ya waziri mmoja kuuawa, Mościcki alitoa amri iliyoruhusu watu kuwekwa kizuizini kwa miezi mitatu bila kesi, tena muda huo ukaweza kuongezwa. Kambi ikafunguliwa Bereza Kartuska. Katiba ya mwaka 1935 ikasema kwamba Rais atawajibika mbele ya Mungu na historia tu.

Wako wanaomtetea kwamba mwenye nguvu alikuwa Piłsudski, na profesa alitia saini tu. Hata hivyo Piłsudski alifariki Mei 1935, na kambi ile ilidumu hadi Septemba 1939.

Nadhani kosa la hoja ya midahalo ni kudhani kwamba ukweli wa maabara hukaa kichwani mwa mkemia. Hukaa katika mizani, na kwa mwenzake aliye na ruhusa ya kulirudia jaribio na kutamka wazi kwamba matokeo si sahihi. Huko Fribourg Mościcki alizungukwa na watu wa namna hiyo. Alipokuwa Rais aliwaondoa kwa amri, kwani mtu anayefungwa bila kufikishwa kwa hakimu ni dai lisilopimwa na yeyote. Kichwa kilikuwa kile kile chenye elimu ile ile. Mwalimu anayefundisha mzunguko wa naitrojeni angeweza kuitaja amri ya mwaka 1934 katika kipindi hicho hicho, na wanafunzi wasingepoteza kitu.

Tarehe 17 Septemba 1939, Polandi ikivamiwa kutoka pande mbili, Mościcki alivuka mpaka kuingia Romania, akazuiliwa huko, akajiuzulu mwisho wa mwezi. Uswisi ikampokea tena, akarudi kufanya kazi katika maabara mjini Geneva. Alifariki Versoix tarehe 2 Oktoba 1946. Mtaa wa Mościce, uliojengwa pamoja na kiwanda cha mbolea karibu na Tarnów, ungali na jina lake. Bereza sasa imo katika nchi ya Belarus.