AFYA NYUMBANI: Mgonjwa wa moyo ni mmoja, chungu ni cha wote

Mwezi huu tunaongea na wale wasioumwa: mke, mume, watoto na ndugu wa mtu mwenye ugonjwa wa moyo.

Wagonjwa wetu wa moyo wakipewa rufaa, wengi hupelekwa Bujumbura, kwa sababu madaktari bingwa wengi wa nchi wako kule. Ndugu mmoja huenda naye kumlinda. Anapika, anafua, analala kwenye mkeka. Mgonjwa anapimwa presha kila siku, lakini mlinzi wake hapimwi hata mara moja. Na mara nyingi huyo mlinzi ni mdogo wake wa damu, au mtoto wake. Tunamwambia: na wewe toa mkono upimwe!

Je, ugonjwa wa moyo unarithiwa?

Tunaulizwa sana swali hili. Mara nyingi kinachorithiwa sio ugonjwa wenyewe, ni hatari ya kuupata. Kama baba au ndugu yako wa kiume aliugua moyo kabla ya miaka 55, au mama au dada yako kabla ya miaka 65, hatari yako imeongezeka.

Kwetu sisi wakimbizi, kujibu hilo ni kazi. Wazee wengine walibaki Uvira, Fizi au Bukavu, wengine tuliwazika njiani. Tunasikia tu kwamba babu alianguka ghafla shambani, au shangazi alipooza upande mmoja, na watu wakasema ni sumu, au karogwa. Pengine ilikuwa presha. Basi, ukipata simu ya mzee aliyebaki nyumbani, muulize nani aliugua nini na akiwa na umri gani. Andika kwenye daftari la familia. Huo nao ni urithi wa watoto.

Lakini damu sio hukumu. Mwaka 2004 ulitoka utafiti mkubwa uitwao INTERHEART, uliofanyika katika nchi 52, za Afrika zikiwemo. Ulionyesha kwamba mambo 9 yanaeleza asilimia 90 au zaidi ya hatari ya shambulio la kwanza la moyo. Kati yake ni tumbaku, presha, kisukari, kitambi, mawazo mengi, na kukosa mboga, matunda na mazoezi. Karibu yote yanaweza kupimwa au kubadilishwa.

Familia ifanye nini?

1. *Watu wazima wote wapimwe presha.* Wengine tunaiita tansiyo. Mara nyingi haina dalili yoyote. Ikifika 140 kwa 90 au zaidi siku tofauti, mwone muuguzi. Usimeze vidonge vya mgonjwa eti kwa sababu ni ndugu yako. Dawa yake ni yake.

2. *Badilisheni chungu, sio sahani.* Nyumba nyingi humpikia mgonjwa pembeni bila chumvi, na watoto wanaendelea na makayabu na vidonge vya mchuzi. Mgonjwa anakula peke yake kwa huzuni, na watoto wanafuata njia ileile. Pikeni chungu kimoja chenye chumvi kidogo. Mtu mzima asizidishe kijiko kimoja cha chai kwa siku, pamoja na ile iliyomo ndani ya vyakula vingine. Makayabu yalowekwe na maji yabadilishwe mara kadhaa. Ndagala waliokaushwa juani bila chumvi ni wazuri. Sombe na lengalenga zipikwe kwa mawese kidogo. Vitunguu, nyanya, ndimu na tangawizi vitaleta ladha. Baada ya wiki chache ulimi unazoea.

3. *Tumbaku itoke ndani ya nyumba.* Moshi wa baba unaingia hata kwa mtoto asiyevuta. Pombe nayo ipunguzwe, kwani inapandisha presha.

4. *Tembeeni.* Nusu saa ya mwendo wa haraka, siku 5 kwa wiki, inatosha kuanza. Mlinzi wa mgonjwa naye apewe zamu ya kupumzika. Asiyelala ataugua pia.

Koo la mtoto

Kuna ugonjwa mwingine wa moyo ambao hauanzii kwenye chumvi. Mtoto, hasa wa miaka 5 hadi 15, anaumwa koo na homa kwa sababu ya bakteria. Asipotibiwa, baadaye viungo vinaweza kuvimba na vali za moyo kuharibika. Bakteria hao huenea haraka pale watu wengi wanapolala chumba kimoja, na sisi tunajua vyumba vyetu. Kwa hiyo koo lenye homa lipelekwe kwenye kituo cha afya mapema, msingoje lipone lenyewe.

Mtoto ambaye tayari ameandikiwa sindano ya penisilini kila wiki 3 au 4, asikose hata moja, hata kama anaonekana mzima. Mkihamishwa kambi, mkirudi nyumbani au mkienda nchi ya tatu, kadi yake isafiri mfukoni mwa mzazi, sio ndani ya mizigo.

Mwisho, mtu akibanwa na kifua, akikosa pumzi, au uso ukipinda upande mmoja, mpelekeni kwenye kituo cha afya saa hiyohiyo, hata usiku.

Kinga ni bora kuliko tiba.