Eliya Hajafa? Sawa. Lakini Wacheni Tulie Watu Wetu

Wasee, najua hii posti itanipotezea wafuasi. Fiti. Anayetoka atoke, afunge mlango polepole.

Naanza na msimamo ndio usisome hadi mwisho ukitafuta niko upande gani. Hakuna mtu ana haki ya kusimama mbele ya jeneza akaambia familia isilie, ati marehemu "hajafa, amechukuliwa kama Eliya." Hakuna. Awe na suti ya bei gani, awe na spika kubwa kiasi gani. Na anayesema hivyo hajasoma hata hiyo hadithi ya Eliya anayoipigia kelele.

Mbona niko na hasira? Juu ya shosho yangu.

Shosho alikuwa na sukari miaka mingi, na alikuwa ameizoea. Tembe asubuhi, tembe jioni, chai bila sukari huku akinung'unika kwamba hiyo si chai, ni maji ya kuosha sufuria. Halafu mwaka jana hema likafunguliwa mtaani kwetu, nyuma ya steji. Mhubiri akatangaza kwamba amevaa vazi la Eliya, na kwamba atakayepanda mbegu kwenye hilo vazi hataonja mauti. Gari la moto litamkuta akitembea kwa miguu yake. Mbegu yenyewe inapandwa kwa simu, namba ya Till imebandikwa mbele ya madhabahu, maandishi makubwa kuliko ya msalaba.

Shosho akapanda. Akapanda pesa ya sabuni, akapanda pesa ya kodi. Kumbe alikuwa pia ameacha tembe. Hakutuambia. Wiki moja baada ya kumzika tulipata pakiti tatu chini ya godoro, hazijafunguliwa.

Siku ya mazishi, pale Lang'ata, mathe alianza kulia. Yule mhubiri akachukua maiki: mama nyamaza, unalilia nani, huyu hajafa. Mathe akanyamaza. Hadi leo hajalia. Namsikia saa nane za usiku akipanga vyombo ambavyo tayari vimepangwa.

Basi nikaingia kusoma. Sina digrii, niliacha chuo mwaka wa pili, na watu wa theolojia mnaweza kunicheka kwa komenti. Lakini nilijiuliza swali rahisi: hii hadithi ni ya nani? Ni ya Wayahudi. Waliiandika, wakaihifadhi, wamebishana juu yake zaidi ya miaka elfu mbili. Nikiwa chuo nilikuwa napita karibu na sinagogi yao kila siku, pale University Way inapokutana na Uhuru Highway, na sikuwahi kujiuliza wanasemaje. Kwa hivyo hebu tuwasikize wenye hadithi.

Tuanze na Biblia yenyewe, 2 Wafalme sura ya 2. Eliya anatembea na mwanafunzi wake Elisha, gari la moto na farasi wa moto vinawatenganisha, Eliya anapanda juu kwa upepo wa kisulisuli. Hapo ndipo mhubiri wa hema hufunga kitabu na kuitisha sadaka. Endelea na mstari unaofuata. Elisha anafanya nini? Analia akimwita baba, halafu anashika nguo zake na kuzirarua vipande viwili. Kurarua nguo ndiyo ilikuwa matanga yao. Huyu ndiye shahidi pekee aliyeona gari la moto kwa macho yake. Na yeye ndiye aliyeomboleza!

Haikuishia hapo. Manabii wenzake walituma wanaume 50 wakatafute mwili milimani na mabondeni. Elisha aliwakataza, wakamsumbua hadi akachoka. Wakatafuta siku 3, wakarudi mikono mitupu. Ukiwahi kuzunguka mochari na hospitali ukitafuta mtu wako, unawajua hao watu 50. Kuna familia Nairobi hii zilizowatafuta watoto wao hivyo tangu maandamano ya Juni 2024.

Sasa njoo kwa marabi. Kwenye Talmudi, kitabu chao kikubwa cha mabishano ambacho kilikusanywa kama miaka 1500 iliyopita, Resh Lakish anamuuliza Rabi Yohanan juu ya hiyo nguo iliyoraruliwa. Sheria ya maombolezo tunaijifunzaje kutoka kwa Elisha, na Eliya yu hai? Swali safi kabisa, lile lile la mhubiri wetu: unamlilia nani? Rabi Yohanan anajibu kwamba imeandikwa Elisha hakumwona tena. Kwa hivyo kwake yeye, Eliya ni kama amekufa.

Nilisoma hiyo laini mara tano. Rabi hakusema Eliya amekufa. Hakusema pia yu hai. Alisema swali la mbinguni ni moja, na swali la aliyebaki ni lingine. Huko juu Eliya anaweza kuwa anaishi vizuri sana. Hapa chini kuna mtu hatamwona tena, na huyo ana haki ya kurarua shati lake. Hiyo ndiyo heshima mathe alinyimwa.

Na msidhani marabi wote walikubali kwamba Eliya alifika mbinguni. Rabi Yose alikataa kabisa. Yeye alishika Zaburi ya 115, pale inapogawa mambo: juu ni kwa Mungu, chini tumepewa sisi. Akasema Musa na Eliya hawakupanda hadi juu kamwe. Wenzake wakamuuliza, na ule upepo wa kisulisuli? Jibu: alibaki chini ya mbingu kwa upana wa viganja kumi. Yaani karibu mita moja. Hata Eliya kuna mahali alisimamishwa, halafu wewe unauziwa tiketi ya kwenda moja kwa moja?

Karne nyingi baadaye akaja mfafanuzi anaitwa Radak, wa kule kusini mwa Ufaransa. Yeye alisema moto uliteketeza nguo za Eliya na mwili wake, roho ikarudi kwa Mungu. Wengine wakasema hapana, yuko na mwili wake, anatembea duniani akisaidia maskini. Mnaona? Dini moja, kitabu kimoja, majibu hata matatu, na hakuna aliyemfukuza mwenzake sinagogi.

Kuna Henoko pia, yule wa Mwanzo sura ya 5 ambaye Mungu alimchukua. Watu walimjia Rabi Abahu wakamwambia, hatuoni mahali imeandikwa Henoko alikufa, na neno kuchukuliwa ndilo lililotumika kwa Eliya. Rabi akawajibu: neno hilo hilo la kuchukua limetumika kwa mke wa Ezekieli, sura ya 24, na huyo mama alikufa jioni ile. Kwa hivyo neno "amechukuliwa" peke yake halithibitishi kitu. Ni kama sisi tukisema mzee "ametuacha." Hakuna mtu hutafuta ameenda na mathree ya wapi.

Najua kuna mjuaji tayari anaandika: lakini Ezekieli aliambiwa asilie! Ni kweli. Sasa soma mistari inayofuata. Watu walishangaa wakamuuliza hii ina maana gani, juu kila mtu alijua mume aliyefiwa hulia. Kunyamaza kwake kulikuwa ishara ya msiba mkubwa uliokuwa unakuja Yerusalemu. Mhubiri akiwanyamazisha waliofiwa kila Jumamosi, hiyo si ishara. Ni tabia.

Ninayoipenda zaidi ni ya Yakobo. Siku moja rabi mmoja akasema mezani kwamba baba yetu Yakobo hakufa. Rav Nahman akashangaa: kwani waliomlilia walilia bure, waliompaka dawa walimpaka bure, waliomzika walizika bure? Mwenzake akamwambia, mimi nafafanua andiko. Watoto wake wako hai, basi naye yuko hai. Hapo nikaelewa. Unaweza kusema mtu hajafa bila kumwibia mtu msiba wake. Shosho yangu hajafa kwa maana hiyo. Yuko kwenye namna mathe anavyonung'unika akinywa chai. Lakini tulimzika, na hatukumzika bure.

Ndugu zangu wa Majengo na Eastleigh, msicheke mkidhani haya ni ya Wakristo tu. Mnajua ilivyokuwa Madina mwaka 632, Mtume Muhammad alipofariki. Umar mwenyewe, simba yule, alikataa. Alisema Mtume ameenda kwa Mola wake kama Musa alivyoenda, na atarudi. Abu Bakr ndiye aliyetoka akawaambia watu ukweli: Muhammad amekufa, Mungu ndiye hafi. Umar akaishiwa nguvu za miguu. Huo ndio upendo, na huo ndio uongozi. Kiongozi wa kweli hukuambia amekufa, halafu anakaa na wewe chini.

Sasa tuongee kuhusu hapa kwetu, juu ugonjwa huu tunao kitambo. Sisi kukiwa hakuna kaburi, tunaweka kiti cha enzi. Stanley Mathenge wa Mau Mau aliingia msituni na hakuonekana tena, watu wakasema alivuka hadi Ethiopia. Mwaka 2003 mzee mmoja akaletwa kutoka huko, akapokelewa kwa heshima zote kama shujaa aliyerudi. Vipimo vya DNA vikaonyesha si yeye. Juni 1988, Kawangware, mtu mrefu mwenye kanzu nyeupe alitokea kwenye mkutano wa maombi wa Mary Akatsa, gazeti la Kenya Times likachapisha picha, na hadi leo kuna watu wanaapa alikuwa Yesu. Hizo mbili unaweza kucheka ukaendelea na maisha. Lakini 2023 tulichimbua Shakahola, kule Kilifi, miili zaidi ya 400. Mahakama ifanye kazi yake, mimi si jaji. Ninachojua ni kwamba hapo hakuna aliyecheka.

Kwa hivyo mtu akikuambia yeye ndiye Eliya, muulize maswali mawili. La kwanza: kiti chako ni cha nani? Wayahudi wana kiti cha Eliya kweli. Wanakiweka mtoto wa kiume akitahiriwa siku ya nane. Unajua nani hulazwa hapo, kwa desturi za wengi? Huyo mtoto mchanga. Usiku wa Pasaka wanamwekea Eliya kikombe cha divai na kumfungulia mlango, na kikombe hicho hakuna anayedai kwamba ni chake. Wamemngoja miaka yote hiyo na hawajawahi kumruhusu mjanja yeyote akalie nafasi yake kwa sababu tu ana spika.

La pili: umekuja kujibu nini? Marabi wakibishana hadi washindwe, huandika neno moja, teiku, yaani swali libaki lilivyo. Watu wao wakaongeza kwamba litabaki hivyo hadi Eliya mwenyewe arudi alijibu. Leo Israeli mechi ikiisha sare wanasema teiku. Eliya wao anakuja na majibu. Wa kwetu anakuja na namba ya Till.

Mtaniambia naua imani za watu, ati shosho alikufa na matumaini. Hapana. Shosho alikuwa na matumaini kabla ya hilo hema. Alikuwa anaomba kila asubuhi saa kumi na moja, na baada ya kuomba anameza tembe yake na maji ya uvuguvugu. Hakuona vita kati ya hizo mbili. Vita vililetwa na mtu aliyekuwa anahitaji pesa yake ya kodi.

Wengine mtasema niachie Mungu. Nimemwachia Mungu swali lake, la Eliya yuko wapi. Mimi nimebaki na langu.

Ukiwa na mzazi anatumia dawa za presha au sukari, leo jioni usimhubirie. Hesabu tembe tu. Angalia chini ya godoro pia. Na mtaani kwenu mtu akifiwa, mkae na yeye alie hadi achoke, na akija mtu na maiki kumnyamazisha, mzime ile spika.

Mathe, najua hii utaisoma, juu huwa unaangalia posti zangu ukijifanya huangalii. Elisha aliliona gari la moto, na bado alilia. Wewe hukuona gari lolote. Lia, mathe. Vyombo nitapanga mimi.