Zana za Majibu na Mwanafunzi wa Kiswahili

Wahenga walinena kwamba kuuliza si ujinga. Swali linalozuka leo ni wajibu wa muulizaji pindi anapopewa jibu, hasa baada ya kuzuka kwa zana za mtandaoni ambazo, badala ya kumwelekeza mtu kwenye tovuti akasome, humjibu papo hapo.

Wazo lenyewe si geni. Mnamo mwaka wa 1993, mtambo wa START uliobuniwa na Boris Katz wa MIT, Marekani, uliwekwa kwenye wavuti ili kujibu maswali ya Kiingereza cha kawaida. Ask Jeeves ikafuata mwaka wa 1997, na Wolfram Alpha mwaka wa 2009. Tangu ChatGPT izinduliwe mnamo Novemba 2022, zana za akili mnemba zimewezesha swali la Kiswahili kujibiwa kwa Kiswahili. Hiyo ni hatua ya kupongezwa.

Hata hivyo, zana mpya haina budi kujaribiwa, na asiyejua jibu hawezi kulipima. Mwanafunzi na aanze na swali hili: Kiswahili kina ngeli ngapi? Anayefuata uainishaji wa kimofolojia uliotokana na Meinhof huhesabu umoja na wingi kuwa ngeli mbili: 'mtu' katika ya 1, 'watu' katika ya 2. Anayefuata upatanisho wa kisarufi, kama ilivyo katika shule za Kenya, huyaweka yote mawili katika A-WA. Kisha na aulize: Fumo Liyongo aliishi karne gani? Wataalamu wametofautiana kwa karne kadhaa. Zana itoayo idadi moja au karne moja, bila kutaja kigezo wala mgogoro uliopo, itakuwa imeuficha mjadala ambao ndio kiini cha taaluma.

Fauka ya hayo, ufasaha wa jibu si ithibati ya ukweli wake. Zana hizi hukadiria neno linaloelekea kufuata kulingana na matini zilizofunzwa. Ndiyo maana huweza kubuni kitabu kisichokuwepo na kukipachika kwa mwandishi halisi. Mwanafunzi akikinukuu katika tasnifu yake, fedheha ni yake.

Wapo wanaopendekeza zana hizi zipigwe marufuku vyuoni. Rai hiyo haina mashiko, kwani wanafunzi watazitumia kwa siri bila kufunzwa kuzihoji. Lililo bora ni mhadhiri kuleta darasani jibu la zana, wanafunzi walihakiki sentensi kwa sentensi, huku wakitaja kitabu na ukurasa unaolithibitisha au kulikanusha.

Aidha, wasomi wenyewe hawawezi kukwepa lawama. Matini za Kiswahili mtandaoni ni haba mno zikilinganishwa na za Kiingereza, ilhali tasnifu nyingi zinakusanya vumbi katika rafu za maktaba. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Anayekerwa na jibu potovu kuhusu ngeli au tenzi hana budi kuandika jibu sahihi na kulichapisha mahali ambapo msomaji, na hata zana yenyewe, wataweza kulipata. Idara za Kiswahili zianze na tasnifu zilizomo makabatini mwao.