OK ni utani, Sawa ni neno

Wiki jana mteja mmoja alinirudishia programu niliyomwandikia. Kosa langu? Kwenye kitufe niliandika "Sawa". Eti Kiswahili kwenye tarakilishi kinaonekana mzaha, niweke "OK" kama wenzangu.

Mzaha! Haya, tuitazame hiyo OK. Miaka ya 1830 wahariri wa magazeti kule Boston, Marekani, walikuwa na mchezo wa kuharibu tahajia makusudi halafu kufupisha. "All correct" likawa "oll korrect", na tarehe 23 Machi 1839 gazeti la Boston Morning Post likachapa "o.k.". Vifupisho vingi vya mchezo huo vilikufa. Hiki kiliokolewa na uchaguzi wa 1840, kwani Rais Martin Van Buren, mzaliwa wa Kinderhook, aliitwa na wafuasi wake Old Kinderhook, yaani OK. Yeye akashindwa, neno likabaki.

Kwenye vitufe nako ni kituko. Apple walipokuwa wakiunda Lisa, iliyotoka 1983, kitufe kilisema "Do It". Katika majaribio mtu akasoma "Dolt", yaani mjinga, akashangaa kwa nini anatukanwa. Ndipo wakaweka OK.

Sawa nalo tulilipata kutoka Kiarabu, lenye maana ya kulingana. Hakuna aliyelikosea tahajia kwa kuchekesha watu. Nimemjibu mteja kuwa watakaobonyeza ni wakulima wa Kitui, na kitufe sikigusi mpaka anionyeshe mkulima mmoja aliyeshindwa kukielewa.