Kinanda cha Umeme na Urithi wa Wapigaji

Siku hizi hoja moja hutajwa kana kwamba imekwisha kuamuliwa: ya kuwa kinanda cha umeme, chenye sauti za ala zote tumboni mwake, kimewafanya wapigaji wa taarabu kuwa gharama isiyo na haja. Hoja hii huvutia kwa wepesi wake. Mimi naikataa.

Kwanza tuipe haki yake. Kundi kamili la taarabu ya Unguja hutaka kanuni, udi, nai, akodiani, ngoma na safu ya fidla. Nao wapigaji wana nauli na njaa. Kinanda hutaka mtu mmoja na umeme. Tena wasemao kuwa chombo hiki hakiwezi kutoa robo za sauti zilizomo katika makamu za Kiarabu wamepitwa na wakati, maana vipo vinanda vilivyoundwa kuzitoa. Wala taarabu ya kisasa, iliyoenea tangu miaka ya 1990, si kosa. Ina wapenzi wake na furaha yake. Anayeitetea fidla kwa kukitukana kinanda huitetea vibaya.

Walakini kutoa sauti ni jambo moja, na kujibu ni jambo jingine. Mwimbaji akirefusha neno kwa sababu watu wamesimama kumtunza, mpiga nai humngoja, na wa fidla humjibu. Kila mmoja huupamba wimbo ule ule kwa namna yake. Sauti iliyohifadhiwa haisikii. Mpiga kinanda husikia, lakini ni mtu mmoja aliyetwikwa kazi ya wengi.

Hata hivyo, hilo si kubwa. Kubwa ni asili. Sauti ya fidla iliyonaswa na kutiwa katika kinanda ilichukuliwa kwa mtu aliyeivuta fidla. Chombo ni mdaiwa, na mdaiwa hawezi kumrithi mkopeshaji aliye hai. Wapigaji wakiisha, kinanda kitarudia waliyoyapiga jana. Ya kesho kitayapata kwa nani?

Nao huisha upesi. Husimuliwa kuwa Sultani Barghash, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, alimpeleka Mohamed bin Ibrahim Misri kujifunza kanuni, naye aliporejea akawafundisha wengine. Nadi Ikhwan Safaa, kilichoundwa 1905, kiliupokea ujuzi huo mkono kwa mkono. Kanuni ina nyuzi zaidi ya sabini, na kila moja hutegwa kwa sikio na subira. Kijana gani atatoa miaka yake kwa kazi hiyo, ikiwa hapana arusi wala sherehe itakayomlipa? Kizazi kimoja kikiacha, kile kifuatacho hakina wa kumwuliza.

Zamani neno kinanda lilikuwa jina la ala ya nyuzi, mfano wa gambusi. Leo limehamia kwenye chombo cha umeme. Jina limehama bila ya madhara. Ujuzi ukihama vivyo hivyo, hasara haina fidia.

Basi mwenye arusi na achague kwa kadiri ya mfuko wake. Lakini taasisi zinazokusanya fedha kwa jina la utamaduni, na vyuo vikuu vinavyosomesha mashairi ya taarabu, havina udhuru huo. Kuyasifu mashairi darasani na kuwanyima ujira wapigaji jukwaani ni kuheshimu mwili kwa kuukata pumzi.